Kitenzi "read" na Kosa la Barua Inayosoma

Mtahiniwa aandikapo "barua ile ilisoma hivi", mwalimu hupiga mstari mwekundu akaendelea na kazi yake. Wengi wetu hatumwelezi mtahiniwa kosa lilikotoka.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kitenzi hiki kilikuwa "rædan". Maana zake za awali hazikuhusu maandishi: kushauri, kukisia, kufumbua jambo lililofichika. Kijerumani kingali na "raten", yaani kushauri au kukisia. Kwa kusoma, Wajerumani husema "lesen", neno ambalo pia ni kuokota au kukusanya, kama "legere" ya Kilatini. Waingereza waliyatazama maandishi kama fumbo. Kutokana na kitenzi hichohicho walipata "rædels", ambalo leo ni "riddle", yaani kitendawili. Mwalimu wa fasihi simulizi atafurahia undugu huo! Hata mfalme Æthelred, aliyefariki mwaka 1016, jina lake lilimaanisha shauri adhimu. Wakambandika lakabu ya "unræd", shauri baya. Karne zilipopita, lakabu ikageuka "Unready", na watu wakadhani mfalme hakuwa tayari.

Kwa kuwa "read" lilibeba maana ya kufasiri na kufasirika, Mwingereza aliweza kusema kwamba barua au kipimajoto "reads" kadha wa kadha. "Soma" yetu haikupita njia hiyo. Yenyewe hudai mtu, na mara nyingi sauti yake: husomwa Maulidi, husomwa hitima, wala si lazima msomaji awe na kitabu mbele yake. Kisha ikaingia katika elimu, tukapata msomi, na kusomea sheria. Barua basi inasema, au imeandikwa, kipimajoto kinaonyesha.

Wahakiki nao hawajaepuka mtego huu. Mtu huandika "usomaji wangu wa riwaya hii" akikusudia fasiri yake. Namwelewa, lakini mtahiniwa anayemwiga huishia kusimulia ploti, kwani kwake kusoma ni kupitia maneno yaliyoandikwa. Swali linaposema "soma shairi hili kisha ujibu maswali", kazi ya "rædan" ya kale haimo katika "soma". Imo katika "fafanua" na "eleza" za chini yake, na hapo ndipo alama zilipo.