Gari ya okazyo imenunuliwa kwa deni, kisha inaharibika: haki zako ni zipi?

Hii hadisi inafikaka mara mingi kwetu. Mtu anauza shamba ao anakopa ku banki, anaongeza akiba ya bibi yake, ananunua gari ya okazyo ili afanye taksi. Muuzishaji anamwambia: «Moteri iko mzima, haijafunguliwa hata siku moja.» Wiki tatu zinapita, gari inaanza kuchemka njiani, maji yanaisha mu radiateri, fundi anafungua na kukuta kulaso imekwisha. Muuzishaji anajibu: «Uliiona, uliijaribu, ukaipenda. Mambo yamekwisha.» Na huku mwisho wa mwezi deni linangoja kulipwa.

Je, ni kweli mambo yamekwisha? Hapana. Sheria ya Kongo iko na jibu, lakini watu wengi hawalijue, na wengine wanaharibu haki yao kwa kukasirika mbio.

Sheria inasema nini

Sheria ya mikataba ambayo tunatumia mpaka leo ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile avoka wanaita «Code civil, livre III». Ni ya zamani, lakini bado ina nguvu. Inasema muuzishaji iko na mizigo miwili: kumpa mununuzi kitu alichokiuza, na kukidhamini. Kukidhamini ni kusema kama anajibu juu ya ubovu uliofichama, wenye mu makaratasi unaitwa «vices cachés».

Ili ubovu uhesabiwe kuwa umefichama, unapaswa kutimiza mambo matatu:

- Haukuonekana wakati wa kununua. Kioo kilichopasuka ao tairi zilizokwisha uliziona kwa macho yako: kwa vile hauwezi kulalamika.
- Ni ubovu mzito. Gari haiwezi kufanya kazi uliyoinunulia, ao kama ungejua haungeinunua, ao ungelipa bei ya chini.
- Ulikuwako mbele ya kuuzishwa. Kama wewe ndiye uliyetembeza gari bila mafuta ya moteri, ni kosa lako.

Haya matatu yakipatikana, sheria inakupa uchaguzi. Unaweza kurudisha gari na kurudishiwa bei yote. Ao unabakia na gari, na unarudishiwa sehemu ya bei, kwa kiasi kinachopimwa na wafundi wenye kujua.

Je, muuzishaji alijua ubovu? Kama alijua, anarudisha bei na tena analipa hasara yote uliyopata. Kama hakujua, anarudisha bei na gharama za kuuziana tu. Lakini mtu mwenye kuuzisha magari kila siku, itakuwa vigumu kumsadikisha hakimu kama hakujua kitu.

Jambo lingine: moteri ikikufa kabisa sababu ya ule ubovu, hasara ni ya muuzishaji. Lakini gari ikipondeka mu aksida, hasara ni yako, hata kama ilikuwa na ubovu mwingine. Ndiyo maana usiendelee kutembeza gari yenye freni mbovu huku unangojea jibu.

Ile neno «vendu en l'état»

Kwa karatasi mingi utakuta wameandika «vendu en l'état» ao «sans garantie». Maana yake: umenunua vile ulivyoikuta. Je, inafunga mlango? Inamlinda muuzishaji ambaye hakujua ubovu. Haimlindi yule aliyejua na akanyamaza. Kwa hiyo ukitia sahihi karatasi kama hiyo, kazi yako inakuwa kuonesha kama alijua: ujumbe wa simu, fundi aliyefunga ile kulaso kwa gundi mwezi uliopita, mtu aliyeikatala ile gari mbele yako.

Angalisho: gari inayouzishwa kwa mnada wa tribinali haina dhamana hii. Bei yake inakuwaka chini, lakini ukikuta ubovu, ni wako.

Deni nalo?

Hapa ndipo watu wengi wanajichanganya. Yote inategemea nani alikupa deni.

Muuzishaji mwenyewe amekupa muda. Unalipa avansi, kisha kila mwezi. Hapa deni na gari viko kwa mtu mmoja, na hii inakusaidia. Tuseme gari ni dola 6.000. Umetoa 2.000, zinabakia 4.000 za kulipa kwa miezi kumi, 400 kila mwezi. Wafundi wanapima kama kutengeneza ubovu ni dola 900. Unaweza kuomba bei ipunguzwe dola 900: deni linakuwa 3.100, ni kusema 310 kila mwezi. Wauzishaji wengi wanakubali hesabu ya namna hii kuliko kurudisha makuta ambayo wamekwisha kuyatumia.

Je, anaweza kuja kuchukua gari kwa nguvu? Kwa sheria, mkikubaliana juu ya kitu na bei, gari imekwisha kuwa yako, hata kama haujamaliza kulipa. Isipokuwa kama mliandika kwamba inabakia yake mpaka malipo ya mwisho. Ile kipengele kinaitwa «réserve de propriété», na kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia 2012, kinapaswa kuandikwa. Neno la mdomo halitoshi. Hata kikiandikwa, usipokubali kutoa gari, anapaswa kupita kwa tribinali. Hana ruhusa ya kutuma vijana usiku.

Banki ao koperative ya akiba imekukopesha. Hapa kuko mikataba miwili. Mmoja ni wa gari, kati yako na muuzishaji. Mwingine ni wa deni, kati yako na banki. Banki haikukuuzisha gari; ilikupa makuta. Ukiacha kulipa kwa sababu kulaso imekwisha, ni wewe utahesabiwa kuvunja mkataba: faida inaongezeka, na kama gari ao parsele ndiyo dhamana, inaweza kukamatwa. Andikia banki upesi, eleza shida, omba wakupangie upya tarehe ya kulipa. Mara nyingi banki inasikia mtu anayekuja mwenyewe mbele ya kuchelewa. Na kule mu Kivu, ambako vita imevuruga kazi ya banki na ya tribinali tangu 2025, chunga kila karatasi ya malipo, hata ile ndogo.

Gari ya kukodi-kununua, «crédit-bail». Sheria ya tarehe 12 Februari 2015 inapanga jambo hili. Kampuni inanunua gari, wewe unalipa kodi, na mwisho unaweza kuinunua. Mpaka siku ile, gari ni ya kampuni. Soma vizuri mu kontra: nani ana haki ya kumshitaki muuzishaji kama gari ni mbovu? Kama hawakuandika, omba waandike mbele ya kutia sahihi.

Nini kufanya siku ile ubovu umeonekana

1. Simamisha gari. Piga picha: moteri, radiateri, kilometa, namba ya shasi.
2. Usikubali fundi atupe vipande vya zamani. Vile vipande ndivyo ushahidi wako.
3. Omba fundi mwenye garaji inayojulikana aandike karatasi: ubovu gani, tangu lini kwa kukadiria, na bei ya kutengeneza. Wafundi wawili ni bora kuliko mmoja. Kama una uwezo, ita wisie wa tribinali aje kushuhudia.
4. Andikia muuzishaji barua. Simu haitoshi. Sema: tarehe uliyonunua, bei, ubovu, unachoomba (kurudisha gari ao kupunguza bei), na siku unazompa kujibu. Atie sahihi kwa kopi yako. Ni vizuri iandikwe kwa Kifaransa, juu tribinali inatumia Kifaransa.
5. Usichelewe. Sheria haikuhesabu siku, inasema tu «bref délai», muda mfupi, kufuatana na aina ya ubovu na desturi ya mahali. Mtu anayelalamika kisha wiki mbili anasikiwa. Yule anayekuja kisha mwaka, ameitembeza kila siku, ni vigumu. Kama wewe na yeye wote ni wacuruzi, sheria ya OHADA iko na muda wake mwenyewe: uliza avoka mapema.

Nani wa kumwendea

Anza na masikilizano. Mbele ya wazee, chefu wa kartie, ao chama cha madereva, mambo mengi yanakwisha. Lakini andikeni mliyokubaliana, na kila mmoja atie sahihi pamoja na mashahidi.

Ikishindikana, kuko tribinali. Gari ya bei ndogo sana inaweza kwenda ku tribinali ya amani. Ya bei kubwa inaenda ku tribinali kubwa, ao ile ya biashara kama ni mambo ya wacuruzi. Kama hauna makuta ya avoka, uliza ofisi ya mashauri ya bure ya baro ya mahali pako.

Kama muuzishaji alifanya ujanja wa kweli, kwa mfano karatasi za uongo ao namba ya shasi iliyobadilishwa, hiyo inaweza kuwa wizi wa udanganyifu, «escroquerie», artikle 98 ya sheria ya azabu. Hapo unaweza kushitaki ku parke. Lakini usitumie polisi kwa deni tu. Na wewe pia usiogopeshwe: Kongo imetia sahihi mapatano ya kimataifa yanayokataza kufunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba.

Mbele ya kununua

Saa moja ya kuangalia inaokoa miezi ya kesi. Washa moteri ikiwa baridi, asubuhi, mbele muuzishaji hajaipasha moto. Angalia moshi: mweupe mwingi usiokwisha ni maji yanayoingia mu moteri, wa bluu ni mafuta yanayoungua. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona kitu cheupe kama maziwa, maji na mafuta vinachanganyika. Linganisha namba ya shasi na karti roze. Kwa gari zilizotoka Japani kupitia Mombasa ao Dar es Salaam, omba cheti cha kule kilichoitoa: mara nyingi kinaonesha kilometa za kweli.

Na kila neno muuzishaji analolisema kwa mdomo, «haijafunguliwa», «haijapata aksida», mwambie aliandike mu kontra. Kama anakataa kuandika kile anachokiapa, umekwisha kupata jibu lako mbele ya kutoa avansi.