Kichaka Kilichofyekwa, Kisha Kikapandwa Upya

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa kijijini, kabla hujafyeka vichaka vya mpakani mwa shamba au kando ya mto, soma yaliyotokea California, Marekani.

Huko kuna kichaka cha asili kiitwacho elderberi. Hutoa maua madogo yenye weupe wa maziwa, kisha vishada vya matunda ya rangi ya zambarau. Wadudu hufuata maua, ndege hula matunda. Wenyeji wa asili walikausha matunda yake kwa chakula na kutengeneza filimbi kwa matawi yake.

Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, watu walimiminika. Misitu ya kando ya mto Sacramento ikakatwa kwa mbao na kuni za meli za mvuke, kisha watu wakalima hadi ukingoni. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ikatoweka, na vichaka vingi vya elderberi vikaenda nayo.

Aliyepata hasara kubwa ni mbawakawa mmoja wa bonde hilo. Funza wake hukua ndani ya shina la elderberi kwa mwaka mmoja hadi miwili, na hali mti mwingine wowote. Kichaka kikiondoka, naye kwisha. Mwaka 1980 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria. Kuondoa elderberi yenye shina la unene wa kuanzia sentimita 2.5 kukawa na masharti, ikiwemo kupanda nyingine kufidia.

Hapo ukazuka mvutano. Wakulima na watunzaji wa matuta ya kuzuia mafuriko walikiona kichaka hicho kuwa mzigo: kikishaota kwako, hukigusi ovyo. Mwaka 2012 serikali ilipendekeza mdudu huyo aondolewe kwenye orodha. Mwaka 2014 ikaghairi.

Lakini katika wilaya ya Yolo jambo lilichukua njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya wakulima walipanda wenyewe uzio wa miti ya asili kando ya mashamba, elderberi ikiwemo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walipochunguza mashamba ya nyanya, walikuta penye uzio kuna nyuki wa porini wengi zaidi na wadudu waharibifu wachache zaidi. Baadaye baadhi ya wakulima wakaanza kuvuna maua na matunda ya uzio kwa ajili ya kuuza.

Sheria ilimlinda mdudu, lakini faida ndiyo inayomfanya mkulima apande bila kusukumwa.

Usihangaike kuagiza elderberi. Zaidi ya hayo, majani, matawi na matunda yake mabichi yana sumu. Fanya hivi:

- Tembea mpakani mwa shamba lako, uone kichaka kipi cha asili kinachojaa nyuki kikitoa maua.
- Waulize wazee jina lake na matumizi yake.
- Acha mstari mmoja usifyekwe, uongeze miche ya aina hiyo hiyo mvua zikianza.
- Mfanyabiashara, chunguza kama matunda, asali au miche yake ina wateja.

Kufyeka ni kazi ya siku moja. Kurudisha kilichofyekwa kumewachukua wenzetu miaka mingi, na bado hawajamaliza.