Mjomba katika Lugha ya Kubuniwa

Katika mwaka wa 2024 wenye kusema Kiesperanto walikutana Arusha, mara ya kwanza kwa mkutano wao mkuu wa ulimwengu kufanyika Afrika. Lugha hiyo aliitunga tabibu wa macho, L. L. Zamenhof, akaipiga chapa mjini Warsaw mwaka wa 1887, ili mataifa yapate kusemezana bila ya taifa moja kulilazimisha jingine lugha yake.

Majina ya jamaa nayo ilimpasa kuyatafuta. Baba alimwita patro. Mama akampa jina lililozaliwa na la baba, patrino. Wakwe akawatia silabi bo, iliyotoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya uzuri; basi mama mkwe ni bopatrino. (Wenye wakwe watajua kama yafaa.)

Lakini ndugu wa baba na ndugu wa mama, wote wawili ni onklo. Kwetu sisi wa Buseresere jambo hilo ni zito. Baba mdogo ni baba, na mjomba ni mjomba. Katika shauri la mahari hawaketi mahali pamoja. Hata hivyo, sheria za lugha ile zaruhusu kuunganisha maneno, na msemaji aweza kusema patrinfrato, yaani ndugu mume wa mama. Ni neno refu, ila mjomba hatachanganywa na baba mdogo.