Pingili: Istilahi ya Wapanda Miamba

Wapanda miamba wanaotumia Kiingereza huipanga siku nzima ya ukuta mrefu kwa neno moja, pitch. Anayetangulia hupanda akiwa amefungwa kamba, mwenzake akimshikia kutoka chini. Njiani hupachika vyuma katika nyufa za mwamba na kupitisha kamba humo, ili akiteleza asianguke mbali. Akifika penye ukingo wa kusimama na mwamba imara, hujenga kituo, hujifunga hapo, kisha humshikia kamba mwenzake apande naye. Safari hiyo ya kituo hadi kituo ndiyo inayoitwa pitch. Tafsiri inayomjia mtu upesi ni “urefu wa kamba”. Nadhani tafsiri hiyo inapotosha, na kwamba Kiswahili kina neno linalobeba dhana hii vizuri zaidi: pingili, yaani sehemu ya muwa au mwanzi iliyo kati ya fundo na fundo.

Kasoro ya “urefu wa kamba” ni kuigeuza kazi kuwa kipimo. Kamba nyingi za siku hizi zina mita 50 au 60, lakini kituo kinaweza kujengwa baada ya mita 20 tu, kwa sababu ukingo uko hapo, au kwa sababu njia inakata kona na wenzi hawatasikilizana wakiachana zaidi. Mlima Kenya unaonyesha jinsi mita zinavyoweza kudanganya. Kilele chake cha Batian kina mita 5,199 na cha Nelion 5,188. Tofauti ni mita 11, ila katikati kuna pengo liitwalo Lango la Ukungu, na kutoka kilele kimoja hadi kingine ni kazi ya saa kadhaa. Wapanda milima Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipoifikia Nelion kwa mara ya kwanza mwaka 1929, bado walikuwa na kazi nzito mbele yao kabla ya kukanyaga Batian.

Kundi likiwa kubwa, maana ya neno hudhihirika zaidi. Njia ya kawaida ya Nelion hukaribia pingili 20. Tuseme wawili wanatumia nusu saa kwa kila pingili: hizo ni saa 10 za kupanda peke yake, ilhali karibu na ikweta mwanga wa mchana ni kama saa 12, na bado kuna kushuka kwa kamba. Watu sita hawawezi kupanda kwa mkumbo. Hugawanyika wawili wawili, na jozi ya nyuma husubiri kituo kiachwe wazi, kwa kuwa ukingo mwembamba hautoshi wote. Jozi moja ikichelewa katika pingili ya tatu, waliofuata nyuma wote huchelewa. Ndiyo maana kibanda kidogo alichojenga mpanda milima Ian Howell mwaka 1970 kwenye kilele cha Nelion kimewafaa wengi waliozidiwa na giza. Kiongozi akiambiwa “zimebaki mita 200” hajui kitu cha kumsaidia; akiambiwa “zimebaki pingili saba” anajua kama ageuze kundi.

Atakayepinga atasema kwamba Wajerumani wana Seillänge na Wafaransa longueur, maneno yenye wazo lilelile la urefu, na hawajapotea. Ni kweli, lakini kila moja ni neno moja lililokomazwa na matumizi marefu ya Alpi. Kwetu kirai chenyewe hakihesabiki: “urefu wa kamba tatu” humaanisha kamba tatu zilizoungwa, au sehemu tatu za njia? Mwingine atashauri tutohoe na kusema “pichi”. Utohozi si dhambi, ila pichi tayari ni tunda, na neno hilo halimdokezei msikilizaji mgeni chochote kuhusu sehemu na viungo vyake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mafundo ya muwa huwekwa na maumbile, wakati vituo huchaguliwa na watu. Kundi lenye kamba ndefu linaweza kuunganisha pingili mbili kuwa moja, na hesabu ya njia ileile ikatofautiana. Hata hivyo uchaguzi huo haufanywi hewani. Kingo na nyufa ndizo zinazoamua kituo kiwe wapi. Mpandaji huchagua katika alichopewa na mwamba. Isitoshe, neno hili limekwisha kutoka shambani: husemwa pingili za uti wa mgongo, na hakuna anayedhani mtu ana muwa mwilini.

Tahadhari inayobaki ni kuhusu kiungo. Kufuata mfano wa muwa hadi mwisho kungetufanya tukiite kituo “fundo”, na hapo tungejitia hatarini, kwa sababu mpandaji hufunga mafundo ya kamba kutwa nzima. Amri ya “angalia fundo” haipaswi kuwa na maana mbili mtu akiwa ananing’inia. Basi kituo kibaki kituo, anayeshika awe mshika kamba, na njia ndefu iitwe njia ya pingili nyingi. Kwa maneno hayo kiongozi anaweza kutoa agizo lote kwa Kiswahili: nani atangulie pingili ya tano, nani amshikie kamba, na kundi ligeuke kwenye kituo kipi likichelewa.