Kabla hujaweka tinti: ndege ya gazeti iliyoanguka Tabora mwaka 1920

Wadau, leo tuongee tinti. Si ile ya magari ya waheshimiwa, ambayo trafiki akiiona inabidi afikirie mara mbili kama asimamishe gari au apige saluti. Naongelea tinti ya kioo chenye ukubwa wa ukucha, kwenye ndege inayoweza kukaa juu ya kitabu.

Kwa wale ambao hawajaufahamu mchezo huu, ni kwamba kuna watu duniani, na mimi nimo, ambao wananunua boksi lenye vipande vya plastiki, wanavikata, wanavipiga msasa, wanaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi mpaka inatoka ndege ya modeli. Kipimo kinachopendwa sana ni 1/72, maana yake ndege halisi imegawanywa mara 72. Mabawa yenye upana wa mita 20 na ushee yanabaki sentimita 28 hivi. Jamaa wakija geto wananiuliza kama nanunulia mtoto. Nawajibu kwamba mtoto bado, hii ni historia.

Sehemu inayowatoa jasho wengi ni kile kipande angavu anachofunikwa nacho rubani. Wenyewe wanakiita kanopi. Tatizo la kwanza ni unene. Kanopi ya plastiki yenye unene wa milimita 1, ukiizidisha mara 72, inakuwa kioo cha sentimita 7.2! Hakuna ndege ya kawaida yenye ukuta wa kioo namna hiyo. Ndiyo maana watu wanaichovya kwenye polishi angavu ya sakafu, ile ya akriliki, ili ing'ae na ionekane nyembamba. Ukitaka tinti, unachanganya polishi hiyo na rangi angavu tone kwa tone, mara nyingine hata rangi ya chakula, kisha unachovya, unanyonya ziada kwa ncha ya tishu na kufunika kwa bakuli usiku kucha ili vumbi lisishike. Wenye brashi ya hewa wanapulizia rangi kama Smoke ya kampuni ya Tamiya, tabaka jembamba juu ya jembamba, kwa upande wa ndani. Na kanopi haibandikwi kwa supa gluu, kwa sababu mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Hayo ya mikono yanafundishika kwa wiki moja. Swali gumu ni hili: rangi gani, na kwa nini? Ndege ya kivita ya F-16 ya Marekani ina kanopi nyingi zenye wekundu wa dhahabu, na si kwa ajili ya urembo. Ni utando mwembamba sana wa madini unaosaidia kupunguza mwangwi wa rada kutoka ndani ya chumba cha rubani. Kwa hiyo anayepaka dhahabu pale anaeleza jambo la kweli. Anayepaka dhahabu kwenye ndege ya mwaka 1920 anatunga.

Sasa, swali la rangi ya kioo si geni kwenye njia ya Tabora. Lilikuwepo kabla ndege yoyote haijaruka duniani.

Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta njia ambayo Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiikanyaga miaka mingi, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Chakula cha njiani kilinunuliwa kwa vitambaa, kwa waya wa shaba na kwa shanga za kioo, nyingi zikitoka Venice. Stanley alipokuwa anajiandaa Zanzibar mwaka 1871 ilibidi afundishwe kwanza somo la shanga, na akabeba aina 11. Kwa maelezo yake, Unyamwezi walitaka nyekundu, zile samisami. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani. Kuna zilizokubalika Ujiji na kukataliwa sehemu nyingine zote.

Fikirieni maana yake. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani kwa miezi, na kama mwenye msafara alikosea rangi ya kioo kule Zanzibar, mpagazi ndiye anayelala njaa. Rangi ya kioo lilikuwa suala la tumbo.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya zamani ikafifia. Halafu ikaja vita. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta kwenye Ziwa Tanganyika ndege nne za majini aina ya Short 827, na mwezi Juni zikaanza kuishambulia Kigoma kwa mabomu. Mwezi Julai Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen, ambayo baadaye iliibuliwa na ndiyo MV Liemba tunayoijua. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora. Ukitaka kutengeneza modeli ya Short 827 usitafute kanopi. Hakuna. Rubani na mwenzake walikaa wazi, jua na mvua vyao.

Lakini ndege ninayotaka muifahamu leo ni nyingine, na inanihusu zaidi kwa sababu ililetwa na gazeti.

Mwezi Desemba 1918 Waingereza walituma vikundi vitatu vya wapimaji kutengeneza njia ya anga ya kutoka Kairo hadi Cape Town. Ndani ya mwaka mmoja hivi vilikuwa vimesafishwa viwanja 43. Tabora kikiwa kimojawapo. Gazeti la The Times la London likaona hapo pana habari. Likagharamia safari ya ndege aina ya Vickers Vimy Commercial yenye namba G-EAAV, ikiongozwa na marubani Cockerell na Broome, wakiwa na mafundi wawili, pamoja na mwandishi wa gazeti mwenyewe, Dk. Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Waliondoka Brooklands, Uingereza, tarehe 24 Januari 1920. Wakaufuata Nile kwa taabu, injini zikiwasumbua, wakapita eneo la Ziwa Viktoria, wakatua Tabora.

Tarehe 27 Februari 1920 wakajaribu kuondoka. Injini ikawaangusha wakati wa kupaa, na ndege ikaanguka pale pale Tabora. Hakufa mtu, ila safari ya The Times iliishia hapo. Kumbukeni Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, jua ni kali, injini na mabawa vyote vinapungukiwa nguvu. Siku chache baadaye, tarehe 6 Machi, Waafrika Kusini Van Ryneveld na Brand nao waliangusha Vimy yao Bulawayo, mji mwingine wa nyanda za juu. Wakapewa ndege nyingine, ndogo zaidi, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Hao ndio vitabu vinawakumbuka.

Haya, turudi mezani. Unatengeneza Vimy ya Tabora. Tinti iko wapi?

Marubani hawana kanopi. Walikaa kwenye chumba kilicho wazi juu ya pua ya ndege. Vioo viko kwenye kabini, lile tumbo nene kama yai lililotengenezwa kwa ajili ya abiria 10, lenye madirisha pembeni. Plastiki za akriliki tunazozijua kwa majina ya Plexiglas na Perspex ziliingia sokoni miaka ya 1930, kwa hiyo moshi, bluu au dhahabu ya kisasa haina nafasi hapa. Enzi hizo pale palipotakiwa kitu chepesi kuliko kioo walitumia selluloidi, ambayo ikipigwa na jua inageuka njano. Mimi kwa dirisha la Tabora ningeweka tone moja la njano ndani ya polishi nyingi, kiasi kwamba ukilitazama peke yake huoni kitu, ila ukiliweka juu ya karatasi nyeupe unaona. Kisha vumbi jekundu kidogo, kwa brashi kavu, kwenye kona za fremu. Basi, tinti imeisha.

Ila modeli haijaisha, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa mchezo huu. Mtu atakwambia injini za Vimy ni Rolls-Royce Eagle VIII zenye nguvu za farasi 360 kila moja. Atabishana usiku kucha kuhusu njano ya dirisha. Akimaliza anaiweka ndege juu ya kibao cheusi kinachong'aa, kana kwamba ilitua hewani.

Ndege haikutua hewani. Nchi hii yetu ya magharibi, kutoka Tabora kuteremka mpaka Zambia, ni nchi ya miombo na vichuguu. Kichuguu kikubwa kinalingana na nyumba, na udongo wake ukikauka unalia kama tofali. Ndola, kwenye mstari huo huo wa viwanja, watu 700 walifanya kazi miezi kadhaa ya mwaka 1919 kuondoa takriban tani 25,000 za udongo ili ndege zipate pa kukimbilia. Idadi yao imeandikwa, tani zao zimeandikwa. Majina hapana. Ya marubani tunayo, ya mafundi tunayo, namba ya ndege tunayo, hata siku ndege ilipoanguka tunayo.

Gazeti liligharamia ndege, likaweka mwandishi ndani yake, na mwandishi akaandika alichokiona kwa juu na alichokipata alipotua. Mimi nalipwa kuandika habari, najua inavyokuwa: unaandika kuhusu aliyekubeba ndani ya gari, siyo aliyechimba barabara. Hakuna aliyekukataza. Ni kwamba kiti chako kiko upande ule wa dirisha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote atakayeitengeneza Vimy ya Tabora ni huu. Tinti iwe ya tone moja. Muda uliobaki tumia chini ya magurudumu. Chekecha udongo mwekundu, uchanganye na gundi nyeupe na maji, upake kwenye ubao. Weka mabaki ya vichuguu vilivyokatwa, na visiki. Kisha weka watu. Kwa kipimo cha 1/72 mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita 2.4 tu, unaweza kumchonga kwa kipande cha njiti. Wape majembe. Wasiwe wawili watatu kwa ajili ya mapambo, wawe wengi, wengi kuliko wazungu watano waliokuja na ndege, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kama nafasi kwenye ubao haitoshi, punguza ndege. Weka bawa moja tu na gurudumu. Watazamaji wataelewa ni ndege.

Tuko pamoja.