Kutoa Upepo: Land Rover ya Dizeli na Mafundi wa Uani

Injini inawaka, inanguruma kwa nusu dakika, inakohoa, inazima. Stata inapigwa tena, inalia weee, lakini injini haiitiki. Mwenye gari haendi kutafuta mtu wa kumvuta. Anafungua boneti, anachukua spana mbili na kitambaa kisafi, anainama ubavuni mwa injini na kupapasa skrubu ndogo iliyo juu ya chujio la dizeli. Anailegeza kidogo. Kisha, kwa kidole gumba, anachezesha kijiti cha pampu ya kuvuta mafuta: juu, chini, juu, chini. Povu linabubujika pembeni mwa skrubu. Anaendelea bila haraka. Mapovu yanakuwa machache, halafu dizeli inatoka tupu, ikiteleza kama mafuta ya kula. Anakaza. Anahamia kwenye pampu kubwa, nayo ina skrubu mbili za namna hiyo hiyo, anarudia. Mwisho analegeza nati za mabomba ya nozeli, mtu wa kwenye usukani anapiga stata, dizeli inatema, nati zinakazwa moja baada ya nyingine, na injini inashika.

Mafundi wa Tanzania na Kenya wanaiita kazi hiyo kutoa upepo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye Land Rover ya zamani ameiona kabla hajajua kusoma.

Sababu yake inarudi nyuma hadi Augsburg, Ujerumani, ambako Rudolf Diesel alifanya majaribio yaliyofanikiwa ya injini yake mwaka 1897. Injini ya petroli inahitaji cheche. Ya Diesel haina cheche kabisa: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto kupita kiasi, mafuta yananyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Katika injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyofungwa kwenye Land Rover, hewa inabanwa mara 23. Ili mafuta yapenye kwenye hewa iliyobanwa hivyo, pampu lazima iyasukume kwa nguvu zaidi ya mara 100 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Dizeli haibanwi kirahisi. Ikisukumwa huku, inatokea kule. Hewa inabanwa. Povu moja likinasa kwenye bomba, pampu inalikandamiza povu badala ya kufungua nozeli, na gari lenye tani na ushee linashindwa kwa sababu ya kitu ambacho hata jichoni hakionekani.

Land Rover yenyewe ilizaliwa ikitumia petroli. Kampuni ya Rover iliionyesha hadharani Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948, wakati Uingereza ikigawa chuma kwa vibali baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Injini ya dizeli ilikuja mwaka 1957, ya lita 2, yenye nguvu za farasi 51 tu. Mwaka 1961 ikaja ya lita 2.25, yenye farasi 62. Hizo si nguvu za kujivunia. Gari refu, ambalo watu wa huku wanalijua kwa jina la 109 kutokana na inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lilipanda mlima polepole likitoa moshi, na abiria wa nyuma walifika wakiwa wamepakwa vumbi hadi kwenye kope.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa imeshaonja mashine za dizeli, na ilionja kwa uchungu. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea, ulileta matrekta ya mtumba kutoka kwenye mabaki ya vita ya Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mengi yaliharibika mapema. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ni ngumu kama saruji, vipuri vilikuwa mbali na mafundi walikuwa wachache. Mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Miaka kumi na nne baadaye likaja jaribio kubwa zaidi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta, iliyopita huko. Malori yakaanza kupeleka mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na ilipata jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, lakini kazi ya malori ilikuwa imeshakuwa shule. Utingo aliyelala chini ya lori lililokwama porini alijifunza pampu ya dizeli kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumfunza. Aliporudi mjini, Land Rover kwake ilikuwa kitu kidogo.

Hapa kuna sifa moja inayostahili kurekebishwa. Watu husema Land Rover za zamani zilikuwa hazifi. Zilikufa sana. Ekseli za nyuma za zile 109 zilikatika mara kwa mara, oili ilivuja kila pembe, na milango iliingiza maji mvua ikinyesha. Sifa yake halisi ni kwamba ilikuwa gari linalofunguka. Kila kilichoharibika kilikuwa mahali ambapo jicho linafika na spana inaingia. Ekseli iliyokatika inachomolewa kwa nje, kwenye kitovu cha gurudumu, kwa kufungua boliti chache, tena bila kushusha mtambo mzima. Injini ikishawaka haihitaji umeme hata kidogo. Kuizima kulikuwa ni kuvuta kitufe kinachokata mafuta. Gari la namna hiyo linaweza kufa jioni uani na kufufuka asubuhi mahali pale pale.

Tanzania ilikuja kuuhitaji ufufuo huo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwishoni mwa 1983. Nairobi, iliyokuwa na maduka ya vipuri ya kila namna, ikawa mbali ghafla. Mwaka 1978 vikaja vita vya Kagera dhidi ya Uganda, fedha za kigeni zikakauka, na kipuri kikawa kitu cha kuombewa kibali. Katika miaka hiyo gari moja bovu liliwalisha mengine matatu. Gasketi za vifuniko zilikatwa nyumbani: karatasi ngumu inalazwa juu ya chuma chenyewe, inagongwa taratibu kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo kwenye kingo, na kingo zenyewe zinaikata karatasi sawasawa na umbo lake. Mpira wa tairi kuukuu ulichongwa ukawa bushi za springi. Gasketi ya silinda hedi tu ndiyo haikuwa na mbadala, na aliyekuwa nayo moja aliifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Vipuri vikaanza kurudi Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, vingine vizuri, vingine vya kuiga. Lakini mkono uliozoea kutengeneza haukusahau.

Plagi za kupashia moto ni mfano wake mzuri. Asubuhi ya baridi, Njombe au Nyeri, silinda zinapaswa kupashwa kwanza ndipo injini ikubali. Katika zile dizeli za lita 2 na lita 2.25, plagi nne zilifungwa kwa kufuatana: umeme unapita ya kwanza ndipo uifikie ya pili, ya tatu, ya nne. Moja ikiungua, zote nne zinakufa. Mwenye gari asiye na kipimo chochote alichukua kipande cha waya mnene, mtu mwingine akawasha umeme wa plagi, naye akaunganisha ncha mbili za kila plagi kwa zamu. Kwenye plagi nzima hakuna kitu. Kwenye ile mbovu cheche inaruka, kwa sababu waya umeziba pengo na njia imekamilika. Plagi moja inanunuliwa, si nne. Baadaye wengi walibadili mtindo, wakafunga plagi za kisasa ambazo kila moja inapokea umeme wake, ili ikifa moja tatu zibaki. Hakuna kiwanda kilichowaandikia barua ya kuwaelekeza.

Spana nazo zina historia yake. Nati za Land Rover za zamani ni za inchi. Magari ya Kijapani yalipojaa miaka ya 1990, maboksi ya spana yakawa ya milimita: namba 10, 12, 14, 17. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi ikiwa na ulegevu mdogo sana. Ile ya 14 haiingii kwenye nati ya tisa kwa kumi na sita, imekosa chini kidogo ya theluthi moja ya milimita, na ya 15 inaizungukia na kuila pembe. Ukiona nati iliyoviringana kama shanga kwenye gari kuukuu, hiyo ni alama ya mtu aliyelazimisha. Mafundi wazee walitunza spana za inchi kwenye kitambaa chake peke yake, na kijana aliyezichanganya na nyingine alisikia.

Ujuzi wenyewe ulianza kwa kushika tochi. Mtoto anaitwa kumulika, analaumiwa kwa kumulika mahali pabaya, na kwa kulaumiwa huko anajifunza mahali penyewe. Anatumwa kuleta filagaji, ile ya inchi 0.010, robo ya milimita, ya kupimia nafasi ya valvu. Anafundishwa rangi za moshi: mweusi, mafuta ni mengi au hewa haitoshi, tazama kwanza bakuli la chujio la hewa; wa bluu, oili inaungua; mweupe usioisha hata injini ikipata joto, shika moyo, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani. Bakuli hilo la chujio ni la kupendeza kwa nchi za vumbi. Halina karatasi ya kununua. Lina oili, hewa inapita juu yake, vumbi linanasa na kuwa tope zito chini. Linaoshwa, linapanguswa, linajazwa oili mpaka alama.

Mwanahistoria Joshua Grace aliandika kitabu kuhusu magari nchini Tanzania, African Motors, kilichotoka mwaka 2021, na mafundi wa gereji wamo ndani yake kama watu waliolifanya gari kuwa lao. Ni heshima iliyochelewa. Kwa muda mrefu maofisa waliwaita gereji bubu, na jina hilo lilibeba dharau: hazina kibao, hazina leseni, ziko chini ya mwembe. Nairobi wenzao waliitwa jua kali, na hata Rais Moi wa Kenya alipowatembelea Kamukunji mwaka 1985, walichoahidiwa kwanza kilikuwa paa.

Adui mbaya kuliko uhaba wa vipuri alikuja ndani ya tangi. Pampu ya dizeli ya zamani haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma. Mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli. Yalipokuwa na kodi ndogo, wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya, gari likaendelea kutembea kama kawaida, huku vyuma vya pampu, vilivyosagwa kwa usahihi usioonekana kwa macho, vikikwaruzana. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia kemikali ya utambulisho kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. Kwa pampu ilikuwa nafuu. Kwa nyumba zilizowasha koroboi na kupikia jiko la mafuta ilikuwa pigo, na haifai kulisahau hilo.

Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeshafufuliwa, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hewa ya mijini ilistahili hilo. Ila usafishaji unaotoa salfa unapunguza pia ulaini wa dizeli, na hadi leo wapo wenye magari ya zamani wanaomimina oili kidogo ya pikipiki ya tu-stroki tangini kila wanapojaza.

Kiwandani mambo yalikwenda kwingine. Mwaka 1998 Land Rover ilileta injini ya Td5, inayoongozwa na kompyuta, na mtu wa uani akahitaji mashine ya kusoma kosa kabla ya kushika spana. Januari 29, 2016 gari la mwisho la umbo la kale, wakati huo likiitwa Defender, lilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, baada ya magari zaidi ya milioni 2. Huku, 109 nyingi zimeshatolewa injini zake na kuvalishwa za Isuzu au Nissan, kwa vishikio vilivyochomelewa mtaani. Wapenzi wa asili wanasikitika. Wanaobeba mahindi na abiria hawana muda huo.

Zilizobaki na injini yake zinajulikana kwa tabia ya wenye nazo. Asubuhi, kabla ya stata, mtu anachuchumaa na chupa ya kioo, anafungua skrubu ya chini ya kikombe cha kunasia maji, anakinga kidogo. Anaiinua chupa kwenye mwanga. Maji yanakaa chini, dizeli juu, mstari kati yake ni mwembamba kama uzi. Leo mstari uko juu kuliko jana. Anakumbuka ni kituo gani alijaza, anamwita mwanawe alete tochi na spana ya nusu inchi, na anaanza kufungua chujio.