Namasagali: Bandari ya Pamba ya Reli ya Busoga

Kutoka Jinja hadi hapa Namasagali, Mto Nile una maporomoko yasiyopitika kwa meli. Ndiyo maana ikajengwa Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912. Ilikuwa fupi, yapata kilomita 100, lakini mzigo wake ulitoka mbali. Pamba waliyolima wakulima wa Teso ilivuka Ziwa Kyoga kwa meli, ikapakiwa kwenye mabehewa hapa gatini hadi Jinja, ikavuka Ziwa Victoria hadi Kisumu, kisha ikashuka kwa reli hadi Mombasa. Wakulima hao ndio walioujenga mji huu, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Reli ndiyo iliyouinua mji, na reli ndiyo iliyoupunguzia kazi. Mwaka 1929 njia nyingine ya reli, kutoka Tororo, ilipita Mbale ikafika Soroti, na pamba ya Teso haikuhitaji tena meli.

Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikafurisha mto na Ziwa Kyoga, bandari ikazama. Baadaye majengo ya reli yaliyosalia yakageuzwa shule, Namasagali College.